Jina la Kitu ni Sehemu ya Mali Yake

Huenda msomaji akastaajabu kuona wiski ya Japani ikitajwa pamoja na Sericho, mji mdogo wa wafugaji Waislamu katika Kaunti ya Isiolo. Kilevi chenyewe tukiweke kando. Ninachokitafuta ni funzo juu ya ufundi na jina.

Huko Chichibu, Ichiro Akuto alianza kukeneka wiski mwaka 2008 katika kiwanda kidogo, akichachusha katika mapipa ya mwaloni wa Kijapani. Hata hivyo, kampuni nyingine ziliagiza wiski kutoka ng'ambo, zikaitia chupani na kuiita ya Kijapani. Ndipo mwaka 2021 chama cha watengenezaji kilipoweka kanuni kwa wanachama wake: wiski yenye jina hilo ikenekwe Japani na ikomae humo katika mapipa ya mbao kwa miaka isiyopungua 3.

Waborana nao wana ufundi wao. Wanawake husuka gorfa kwa nyuzi za mimea, wakakifukiza kwa moshi wa miti teule, kisha wakagandisha humo maziwa yaitwayo ititu. Moshi huo huyahifadhi maziwa na kuyatia harufu yake. Leo dumu la plastiki limeingia mahali pa gorfa, wala simlaumu mama anayelichagua: ni jepesi na ni rahisi kupatikana. Lakini chombo kikiachwa, msamiati wake nao hufifia: majina ya nyuzi, ya miti na ya viwango vya kuchacha.

Tusijidanganye kwamba majina yetu hayatamaniwi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno la kikoi kuwa alama yake ya biashara, hata ombi hilo likapingwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na sheria ya maarifa ya jadi ya 2016 inazipa kaunti kazi ya kuyasajili maarifa hayo.

Daftari, hata hivyo, halijiandiki. Walimu na wanafunzi wa Sericho wana kalamu. Bibi zao wana maneno. Wayakusanye sasa, kwa idhini ya wenyewe. Kisha kaunti ihakikishe kwamba jina likilindwa, bei bora inamfikia msukaji. Urithi usiomlisha mwenyewe hauwezi kudumu.