Dawa ya radiatere si ya inchi za baridi tu

Wandugu wanamemba, tukikutana juu ya mashini ya kusagia, tunahesabu mazuti, tunahesabu mafuta ya moteri, tunahesabu mshahara wa mwenye kusaga. Maji ya radiatere hakuna anayeyataja. Yanatekwa Lualaba, yanamiminwa, kazi inaendelea. Mtu akisema tununue ile dawa ya radiatere, jibu liko tayari: "Ile ni ya Ulaya, huku kwetu hakuna barafu."

Ni kweli, Bukama maji hayagandi, hata usiku wa mwezi wa saba. Lakini kuzuia barafu ni nusu tu ya kazi ya dawa ile. Nusu ingine ni yetu kabisa. Kwanza, ukichanganya nusu dawa na nusu maji safi, mchanganyiko unachemka kwenye digri 107 hivi, wakati maji matupu yanachemka karibu na 100. Pili, ndani ya dawa muna vitu vya kuzuia kutu. Maji ya mto yanaleta tope na kutu, tope linaziba njia ndogo za radiatere, moteri inapata moto, kulasi inapinda.

Si kila moteri inaihitaji. Zile ndogo za silinda moja zenye tanki wazi juu, maji yake yanatoka mvuke, ndivyo zilivyotengenezwa. Kutia dawa mule ni kutupa makuta. Maji safi na kuosha tanki vinatosha. Tunasema juu ya moteri yenye radiatere na kifuniko.

Wengine wanasema: koperative ni maskini, dawa ni bei. Sisi tunauliza: kulasi ikipinda, nani analipa? Kipande kinangojewa kutoka Lubumbashi, kwa treni ao kwa kamio, na wakati wa mvua barabara munaijua. Siku hizo zote bamama wanarudi kwenye kinu, na watoto wa kike wanaacha masomo ili kusaidia kutwanga mihogo ya bukari. Hiyo ndiyo bei ya kweli.

Kwa hiyo tunapendekeza kila koperative iweke makuta kidogo kwa kila beseni inayosagwa, yakae pembeni juu ya dawa tu. Iandikwe kwenye daftari siku ilipotiwa. Dawa ya kawaida inachoka kisha miaka 2 hivi. Fuateni maandiko ya bidoni. Ikigeuka rangi ya kutu mbele ya siku yake, imwagwe, radiatere ioshwe, itiwe mpya. Na kama maji yanapungua kila siku, musiongeze tu: kuna mahali panavuja, patafutwe. Kuongeza maji matupu kila mara kunaondoa nguvu ya dawa.

Pasipo makuta leo, tumieni maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa. Ni afadhali kuliko ya mto, lakini hayazuii kutu.

Kifuniko kisifunguliwe moteri ikiwa na moto. Mvuke unachoma uso. Maji baridi yasitiwe kwenye moteri yenye moto, chuma kinapasuka.

Neno la mwisho ni zito kuliko yote. Dawa nyingi za namna hii ni tamu mdomoni, na ni sumu. Zinaharibu mafigo, zinaua mtoto, mbuzi na mbwa. Bidoni ifungiwe kwa ufunguo. Ikiisha, itobolewe, isiwekwe mawese wala maji ya kunywa. Dawa ya zamani isimwagwe chini wala Lualaba, kule tunakovua samaki. Ikusanywe ndani ya bidoni yenye alama mpaka fundi aichukue.

Mkutano ujao, liwekeni neno hili kwenye orodha, mbele ya mazuti. Moteri ni ya sisi wote. Haifai maji yake yabaki kuwa mambo ya mtu moja.