Baki ni Mali: Utunzaji wa Hesabu za Ujenzi katika Shule ya Msingi

Katika somo la Hesabu liko neno moja ambalo mwalimu hulitamka kila wiki bila kulitafakari. Neno hilo ni "baki". Mtoto akigawanya 12 kwa 5 hupata 2, baki 2. Ile 2 ya mwisho huiandika pembeni, mwalimu hutia vema, na shughuli ikaisha. Penye ujenzi mambo hayaendi hivyo. Nondo moja huwa na urefu wa mita 12. Fundi anayehitaji vipande vya mita 3.5 atapata vitatu, na kipande cha mita 1.5 kitabaki. Akikata nondo 40 kwa kipimo hicho, vitabaki vipande 40, yaani mita 60, ambazo ni sawa na urefu wa nondo 5 nzima. Vikiandikwa, vitatafutiwa kazi kesho. Visipoandikwa vitalala majanini mpaka mpita njia aviokote. Darasani baki ni kitu cha pembeni. Kazini baki ni mali.

Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba utunzaji wa hesabu za ujenzi ni jambo linalofaa kuanza kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na kwamba mwalimu wa msingi ndiye mtu hasa wa kulifundisha. Sisemi kwamba tuongeze somo jipya. Nasema kwamba somo tulilo nalo lifundishwe kwa namna ambayo namba itamfikisha mtoto kwenye kitu, na kitu kimrudishe kwenye namba.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe sehemu ya maisha ya watu wanaoizunguka. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na wananchi wengi wakajenga madarasa kwa mikono yao wenyewe. Baadaye Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, ulipeleka fedha za ujenzi hadi kwenye kamati za shule. Mwaka 2021 Serikali ilianza kujenga vyumba 15,000 vya madarasa, na kazi kubwa ilifanywa na mafundi wa mitaani chini ya usimamizi wa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Katika kamati za namna hiyo walimu hawakosekani. Kwa hiyo, ndugu wanachuo, upo uwezekano mkubwa kwamba kabla hamjamaliza mwaka wenu wa pili kazini mtakabidhiwa ufunguo wa stoo ya saruji. Je, mmejiandaa?

Nitatoa mfano mmoja nilioushuhudia nikiwa mjumbe wa kamati katika shule moja ya kijijini. Mwalimu kijana, mwaminifu na mchapakazi, alikabidhiwa stoo. Alipokea mifuko 150 ya saruji. Daftari lake lilionyesha kuwa ametoa mifuko 118. Kwa hiyo ilipasa ibaki 32. Ilipohesabiwa ilikuwa 21. Mifuko 11 haikujulikana ilikokwenda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeona mifuko minne iliyoganda kwa unyevunyevu ikitupwa shimoni. Fundi naye alikiri kuchukua mingine jioni moja, siku ya kumwaga zege, wakati mvua ilikuwa inatishia. Lakini hayo yote yalikuwa maneno. Hakuna aliyeyaandika siku yalipotokea, na mwalimu yule alilipa gharama kidogo kidogo kutoka katika mshahara wake. Lililomuumiza zaidi halikuwa fedha, bali namna wazazi walivyomtazama tangu siku hiyo. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba jina jema la mtu nalo laweza kupotea hivyo hivyo.

Mwalimu yule alijua kujumlisha na kutoa. Alikuwa akifundisha Hesabu. Alichokosa ni mazoea matatu: kuandika siku ile ile, kuandika kila kinachoingia na kila kinachotoka hata kama kimeharibika, na kulinganisha daftari na vitu vyenyewe kabla mtu mwingine hajaja kulinganisha. Mazoea haya hayafundishwi kwa hotuba. Huota mapema, au hayaoti kabisa.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba utunzaji wa hesabu ni kazi ya sekondari na vyuo. Ni kweli, ikiwa tunazungumza juu ya uhasibu wenye maingizo mawili na mizania. Lakini daftari la stoo ya ujenzi lahitaji safu tano tu: tarehe, maelezo, kilichopokelewa, kilichotolewa, na baki. Mtoto wa darasa la tano aweza kulijaza. Tena tusisahau kwamba vijana wengi wakitoka shuleni hupata ujira wao wa kwanza wakiwa vibarua penye ujenzi, wakichanganya zege na kubeba tofali. Kijana huyo hatangoja masomo ya chuo ndipo apunjwe. Ataweza kupunjwa Jumamosi ya kwanza.

Tuchukue mfano wa kibarua aliyekubaliana ujira wa shilingi 15,000 kwa siku. Amefanya kazi siku tano na nusu, na katikati ya juma alichukua shilingi 20,000 za matumizi. Ujira wake ni 15,000 mara 5.5, yaani shilingi 82,500; ukitoa 20,000, anadai 62,500. Hesabu hii ni nyepesi. Ugumu uko katika ile nusu siku. Mnyapara anasema ilikuwa robo, kibarua anasema ilikuwa nusu, na kila mmoja anaapa. Kama kibarua ana kijitabu chake, ambamo kila jioni huandika saa aliyoingia na saa aliyotoka, hoja yake ina miguu ya kusimamia. Asiye na kijitabu hutegemea huruma ya mwenye daftari. Basi tunapomfundisha mtoto sehemu na desimali, tumweleze kwamba nusu yaweza kuwa jasho la mtu.

Sasa nizungumzie namna ya kufundisha. Napendekeza kila darasa la juu liwe na "stoo" yake, yaani sanduku lenye visoda 60, kila kisoda kikiwa badala ya mfuko mmoja wa saruji. Wanafunzi wapokezane kazi tatu: mtunza stoo, fundi na mkaguzi. Kila siku, kwa dakika tano tu, fundi aombe kiasi anachohitaji, mtunza stoo atoe na kuandika, na wote wawili watie sahihi. Ijumaa mkaguzi ahesabu visoda na kulinganisha na baki iliyo daftarini. Siku zitakuwapo ambazo havitalingana. Siku hizo ndizo somo lenyewe. Mwalimu asikimbilie kusahihisha, awaache watafute.

Hapo ndipo mtakapokutana na tabia ambayo sisi wenyewe tumeipanda. Mtoto akikosea hushika ufutio. Darasani tumemsifu kwa ukurasa safi usio na doa. Lakini katika daftari la mali kufuta ni kosa kubwa kuliko kukosea, kwa sababu kilichofutwa hakiwezi kuulizwa. Tumfundishe kukata kosa kwa mstari mmoja, kiasi kwamba namba ya kwanza iendelee kusomeka, kuandika iliyo sahihi juu yake, na kutia sahihi. Ukurasa wenye masahihisho ya wazi una heshima yake.

Ikiwa shule ina ujenzi, mwalimu ana hazina mkononi. Wanafunzi wakokotoe tofali za ukuta kabla haujajengwa. Tofali la sentimita 45 kwa 23, likiongezewa sentimita moja ya kiungio kila upande wa kipimo, huchukua nafasi ya 46 kwa 24, yaani sentimita za mraba 1,104. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000. Kwa hiyo yaingia tofali 9 na kidogo, nasi twaweza kukadiria 10 ili kufidia zitakazovunjika. Ukuta wa mita 9 kwa 3 una mita za mraba 27. Tukitoa madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2 zinabaki 23.4, yaani tofali 234. Namba hiyo iandikwe na kutunzwa. Ukuta ukikamilika, darasa liulize fundi ametumia ngapi, na tofauti ijadiliwe.

Mchanga wafundisha jambo jingine. Saruji na tofali huhesabika, ila mchanga hupimwa. Huja kwa lori na hutoka kwa toroli, na mara chungu kikishamwagwa hakuna ajuaye kilikuwa kiasi gani. Dawa yake ni kupima mchanga ukiwa bado ndani ya bodi ya lori. Bodi ya mita 4 kwa 2, ikiwa mchanga umesawazishwa kwa kimo cha mita 0.75, ina mita za ujazo 6. Vipimo vichukuliwe na mtu mzima lori likiwa limesimama, na watoto wafanye hesabu wakiwa darasani.

Nina maonyo mawili. Kwanza, somo hili lisigeuzwe kuwa kisingizio cha kuwabebesha watoto tofali wala kuwaingiza chini ya jukwaa la mafundi. Chombo chao ni kalamu na daftari. Pili, watoto wasifanywe wapelelezi wa kamati. Watumie nakala kwa kujifunzia. Daftari halisi lina wakaguzi wake, na mwalimu mwenye busara hatamweka mtoto kati ya wakubwa wanaotuhumiana.

Ndugu wanachuo, anzeni na nafsi zenu. Chukueni daftari leo, pigeni safu tano, na kwa mwezi mmoja andikeni fedha zenu za matumizi: zilizoingia, zilizotoka, baki. Kila jioni hesabuni zilizomo mfukoni. Atakayefika mwisho wa mwezi bila kuruka siku hata moja atakuwa amejua ugumu wa kazi hii, na atawafundisha watoto kwa unyenyekevu unaostahili. Halafu siku atakapokabidhiwa ufunguo wa stoo, atauliza kwanza daftari liko wapi.