Queen of Tears: kaburi halina kosa

Wanaolaumu mwisho wa tamthilia ya Kikorea Queen of Tears nawaelewa, ila kwa lile kaburi la Hae-in, mhusika mkuu, linaloonyeshwa Ujerumani mwishoni, sikubaliani nao. Kilichonichosha mimi ni yaliyotangulia: upasuaji unamfutia Hae-in kumbukumbu, mumewe Hyun-woo anagongwa na gari, Eun-sung anayemtamani Hae-in anamteka, halafu risasi. Yote yamerundikwa mwishoni! Mwandishi Park Ji-eun hakuyahitaji. Tayari alikuwa na jambo zito: mke na mume waliopoteza mimba, wakashindwa kulia pamoja, wakaanza kulala vyumba tofauti.

Wengine wanasema Hyun-woo alisamehewa upesi, maana alipoambiwa mkewe ana miezi mitatu ya kuishi aliona nafuu. Kweli, na hapo nilimchukia sana. Lakini Hae-in alipogundua karatasi za talaka alizoziandaa mumewe hakumeza uchungu kimya. Waliachana kisheria kabisa, na mwanamume akabaki kumuuguza bila cheo cha mume. Msamaha wa namna hiyo naukubali. Mwaka 2074 ulioandikwa kwenye lile jiwe la kaburi unaniambia walipata miaka mingi pamoja, na ndicho nilichowaombea tangu episodi ya kwanza.