Tahariri: Mlango ukifungwa, nani analala njaa?

Siku 310: ndizo wenye timu za hoki ya barafu za NHL, huko Marekani na Kanada, waliwafungia wachezaji mlango kati ya 2004 na 2005. Msimu mzima ulifutwa. Wenye timu walitaka mishahara iwekewe kikomo. Wachezaji walikataa, mwishowe wakakubali kikomo hicho pamoja na kukatwa asilimia 24. Mwaka 2012 mlango ukafungwa tena.

Matajiri na nyota walikuwa na akiba ya kungojea. Wauza vinywaji na wafagiaji wa viwanja hawakuwa nayo, wala hawakuitwa mezani. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Kwetu sisi, anayepoteza mkate kwa ugomvi wa wengine lazima ahesabiwe kwenye mapatano.