Usiku mmoja Mandara na watoto

Shule zikifungwa Juni, wazazi wapelekeni watoto wakalale usiku mmoja Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, Mlima Kilimanjaro. Ni takriban mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, katikati ya msitu wenye mbega na miti iliyofunikwa kuvumwani. Mlima ni wetu, lakini ni watoto wetu wangapi waliowahi kuukanyaga?

Ila msikurupuke. Vitanda huwekewa nafasi mapema, na mwongozaji ni lazima. Toka langoni ni kilomita kama nane. Mtu mzima hutumia saa tatu au nne, mtoto wa miaka minane mpeni kutwa nzima. Anzeni asubuhi, kabla mvua ya msituni haijawakuta njiani.

Kubwa ni baridi. Mtoto aliyelowa jasho hasemi, huwa ananyamaza tu. Mguseni shingo na vidole. Soksi kavu za kulalia zisivaliwe njiani hata kidogo. Kichwa kikimuuma akaanza kutapika, msimbembeleze: teremkeni naye mara moja.

Akiamka mzima, mpelekeni kreta ya Maundi, mwendo mfupi tu, akakione kilele cha Kibo.