Kabla umwitie chifu mama mwenye ulemavu wa akili

Hebu fikiria hivi. Unaishi Longonot, kwa ploti ya mabati. Jirani yako ni mama mwenye ulemavu wa akili. Hajui kusoma saa, chenji humchanganya, lakini mtoto wake ananyonya, anaogeshwa na halali njaa. Siku moja mtoto anashikwa na homa, mama anachelewa kumpeleka hospitali. Ploti nzima inaanza: “Huyu hawezi kulea. Itaneni chifu, mtoto apelekwe makao ya watoto.”

Wewe ungesema nini?

Sheria ishasema. Mwaka 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 23 kinakataza kumtenganisha mtoto na mzazi kwa sababu ya ulemavu wa mzazi. Na Katiba, kifungu cha 2(6), inaufanya mkataba huo kuwa sehemu ya sheria zetu.

Najua utaniuliza: na mtoto je? Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 53, inataka alindwe asipuuzwe wala kudhulumiwa. Akiumia, lazima aokolewe, hakuna mjadala. Lakini kinachopimwa ni yale mtoto anapitia, si akili ya mama.

Kuna mahali pengine pa kuangalia: kuasili. Sheria ya Watoto ya 2001, iliyotumika hadi ile ya 2022 ilipokuja, iliruhusu korti kuruka idhini ya mzazi “asiyeweza” kuitoa. Sasa, nani anaamua hawezi? Kama hakuna aliyeketi naye akamweleza polepole kwa lugha anayoielewa, huyo amenyimwa nafasi tu.

Tuambiane ukweli. Mzazi wa mtaa wa kitajiri akilemewa, anaajiri yaya. Wa Longonot akilemewa, anaitiwa chifu. Kumbe kifungu hicho cha 23 kinaidai serikali imsaidie mzazi kulea. Msaada wenyewe si mambo makubwa: mhudumu wa afya ya jamii apite kila wiki, kipimo cha dawa kiwekewe alama ya rangi, nyanya au shangazi awe karibu.

Ukiona mtoto anaumia, piga 116, ni bure. Ila ukipiga, sema ulichoona: hajala, amechapwa, ameachwa peke yake. “Mamake hana akili” si ripoti.