Tuchague Skrini kwa Jicho, Si kwa Upana

Tangu janga la UVIKO-19 la mwaka 2020, pembe ya sebule au ya chumba cha kulala imekuwa ofisi kwa watumishi wengi duniani. Humo mhadhiri husahihisha tasnifu, na mhasibu hufunga hesabu mpaka usiku wa manane. Hata hivyo, skrini ya kompyuta, chombo wanachokitazama kwa saa nyingi kuliko uso wa mtu yeyote, mara nyingi hununuliwa kwa kigezo kimoja tu, nacho ni ukubwa. Kwa maoni yangu kigezo hicho hakitoshi, na pengine hudhuru.

Mimi mwenyewe nilipata funzo. Nilipokwisha kuvuka umri wa miaka 40, nilinunua skrini ya inchi 27 nikidhani itanipunguzia taabu ya kusoma. Haukupita mwezi nikawa naumwa shingo na kichwa kila jioni. Niliilaumu skrini, kumbe makosa yalikuwa mawili, na yote yalikuwa yangu.

Kosa la kwanza lilihusu inchi. Inchi hupima mshazari wa skrini, yaani kutoka pembe hadi pembe; hazisemi picha imeundwa kwa nukta ngapi. Skrini yangu ilikuwa na nukta, ziitwazo pikseli, 1,920 kwa 1,080, idadi ile ile iliyomo katika skrini nyingi za inchi 24. Nukta hizo zikitandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, upana wa kila moja huongezeka kutoka milimita 0.28 hadi 0.31. Jicho zima, likiwa umbali wa sentimita 60, laweza kutofautisha vitu vilivyoachana kwa milimita 0.17 hivi. Ndiyo maana kingo za herufi zilionekana kama zimetafunwa. Basi atakaye inchi 27 kwa kazi ya kusoma na kuandika atafute walau pikseli 2,560 kwa 1,440. La sivyo, atosheke na inchi 24.

Kosa la pili lilikuwa miwani. Kadiri umri unavyosogea, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake, na baada ya miaka 40 wengi wetu huhitaji miwani ya kusomea. Miwani hiyo kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa kitabu, sentimita 40 hivi, ilhali skrini hukaa sentimita 60 au zaidi. Mwenye kuivaa hujikuta akisogeza kichwa mbele ili aone vizuri, na shingo ndiyo inayolipa. Hakuna skrini, hata iwe ya bei gani, iwezayo kuondoa kosa hilo. Dawa yake ni kupima umbali wa mezani kwa utepe, kisha kumpelekea mpima macho tarakimu hiyo.

Wauzaji husifu mengine mengi. Skrini inayobadili picha mara 144 kwa sekunde huwafaa wacheza michezo ya kompyuta. Kwa maandishi, mara 60 zatosha. Kuhusu miwani ya kuchuja nuru ya buluu, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, yaliona kwamba huenda haipunguzi uchovu wa macho. Afadhali fedha hiyo inunue kiguu kipandacho na kushuka, ili ukingo wa juu wa skrini usizidi usawa wa macho. Aidha, dirisha liwe ubavuni, si mbele wala nyuma ya mtumiaji. Naye anunuaye mtumba aiwashe skrini dukani, aijaze rangi nyeupe kisha nyeusi, na aangalie nukta zilizokufa na madoa ya manjano.

Lakini si haki kumwachia mnunuzi mzigo wote. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari nchini Uingereza, nilikuta kanuni za mwaka 1992 zinazomtaka mwajiri amlipie gharama ya kupimwa macho mtumishi wa skrini anayeomba. Kanuni hizo humlinda hata afanyaye kazi nyumbani.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ni anasa ya nchi tajiri. Sikubaliani nao. Taifa lililogharimia miaka mingi ya kumsomesha mtaalamu halipati faida kwa kumwacha aumwe kichwa kila jioni kwa kukosa kipimo cha macho. Taasisi zinazowaruhusu watumishi kufanyia kazi nyumbani zinapasa kutoa mambo mawili kwa pamoja: skrini inayofaa, na kipimo cha macho kwa umbali wa skrini hiyo. Kutoa la kwanza bila la pili ni kurudia kosa langu kwa fedha ya umma.